Donato Wawili

Pietrascura ni kijiji cha mawe juu ya mlima, na karibu kila mtu pale ni Di Nunzio. Maana yake ni "wa Nunzio", kama vile wengine wanavyosema bin Fulani, na huyo Nunzio wa kwanza alikuwa nani hakuna ajuaye. Labda alikuwa mchungaji wa kondoo aliyezaa sana na kufikiri kidogo. Padri ni Di Nunzio, mwenye duka la nyama ni Di Nunzio, na kama mbuzi wangekuwa na jina la ukoo, nao wangeitwa Di Nunzio. Ndiyo maana kila nyumba imepewa lakabu yake: Meno, Wa Kisimani, Nusu Kilo. Mtu akifa, tangazo la msiba hubandikwa ukutani kando ya kanisa, na chini ya jina huandikwa lakabu kwenye mabano. Bila hayo mabano kijiji hakijui kimlilie nani.

Fundi bomba wa kijiji aliitwa Donato Di Nunzio, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Walimwita Yule Mwingine. Donato halisi, kwa watu wa Pietrascura, alikuwa Bingwa, mwendesha baiskeli aliyewahi kuwashinda watu wa mataifa yote kwenye milima ya kaskazini, na picha yake, uso umejaa tope, ilining'inia kwenye baa ya Nicolino kati ya picha ya askofu Di Nunzio na ya mwimbaji Di Nunzio aliyekwenda Amerika na sauti yake.

Kosa lilikuwa la baba zao. Mila ya pale ni kwamba mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na mwanamume asiyefanya hivyo ni kama aliyeing'oa nguzo ya nyumba. Mzee Donato alikuwa na wana wawili, na wote wawili walipata mtoto wa kiume katika majira ya baridi yaleyale. Hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Kwa hiyo kanisa likabatiza Donato Di Nunzio, na kabla theluji haijayeyuka likabatiza Donato Di Nunzio wa pili. Mzee alifurahi mno. Walipokua akawanunulia baiskeli moja, akasema ni ya Donato, bila kusema yupi. Wakapokezana, mmoja akipanda, mwingine akikimbia nyuma ameshika kiti. Kisha asubuhi moja Donato mmoja aliondoka nayo, akaenda kuwa Bingwa, na aliyekuwa akikimbia nyuma akabaki amesimama barabarani.

Jina jema hung'ara gizani, wahenga wamesema. Hawakusema linamfanya nini mtu wa pili anayelibeba.

Fundi bomba hakuoa. Alitengeneza mabomba ya kijiji kizima mpaka nywele zikawa nyeupe, akaishi chumba cha juu, kwenye nyumba ambayo chini yake alikaa Filomena, mjane mwenye ulimi mkali. Mtu mmoja tu duniani alimwita Donato, naye ni huyohuyo Bingwa. Kila mwaka, sikukuu ya Mtakatifu Donato, tarehe saba Agosti, simu ililia kutoka kaskazini. "Donato?" sauti ilisema. "Hapa ni Yule Mwingine. Heri ya jina letu." Bingwa ndiye aliyejiita hivyo, mwaka baada ya mwaka, na fundi bomba alicheka kila mara kana kwamba hajawahi kuusikia utani huo. Hakumwambia mtu. Kilikuwa kitu chake pekee ambacho kijiji hakikukitia mkono.

Mwezi wa Februari homa ilimlaza siku kadhaa, madirisha yamefungwa. Siku alipopata nguvu ya kusimama alivaa koti akashuka kwenda kunywa kahawa. Ukutani kando ya kanisa kulikuwa na tangazo jipya, gundi bado mbichi. Donato Di Nunzio, lilisema, na umri, ambao ulikuwa umri wake. Mazishi Jumamosi. Chini ya jina hapakuwa na mabano.

Hakujidhania maiti hata kidogo. Mtu huyajua magoti yake, na yake yalikuwa yakimuuma. Alielewa papo hapo ni nani aliyekufa, akaweka kiganja juu ya karatasi, juu ya jina, gundi ikamshika vidole. Alitaka kulia lakini alitaka alie mbele ya mtu. Akaelekea baa ya Nicolino.

Aliingia kwa mlango wa nyuma, kama alivyozoea tangu siku za kulitengeneza sinki la jikoni, na kabla hajalifikia pazia akawasikia.

"Masikini Yule Mwingine," Nicolino alikuwa akisema. "Nami nilimtuma mtu kumwambia sinki linavuja tena."

"Sasa sinki lako ni yatima," alijibu Rocco Meno, mwenye duka la nyama, na watu wakacheka kwa adabu ya msibani.

"Mimi nilipoliona lile jina moyo ulinipasuka," Rocco aliendelea. "Nikasema, Mama Maria, asiwe Bingwa."

"Bingwa angekufa tungesikia redioni."

"Ndiyo nikajituliza. Nikasema, ni huyu wa kwetu, madirisha yake yamefungwa tangu juzi. Nikapumua."

"Usiseme hivyo, marehemu anakusikia."

"Yule? Hata alipokuwa hai alikuwa hasemi kitu. Nicolino, tuongeze kahawa."

Nyuma ya pazia Donato alisimama na kofia mkononi. Angeweza kurudi alikotoka, na wengi wetu tungerudi. Lakini miguu ilikuwa dhaifu na jikoni mle kulikuwa na baridi. Akasukuma pazia.

"Habari za asubuhi," akasema.

Nicolino akafanya ishara ya msalaba akiwa na kikombe mkononi, akajimwagia. Rocco Meno alimtazama juu mpaka chini.

"Wewe umekufa," akamwambia, kama anayemjulisha mtu kwamba ameacha lango wazi.

"Bado."

"Kuna tangazo."

"Nimelisoma. Si langu."

Mmoja mmoja, wakageuza shingo kuitazama picha ya mtu mwenye tope usoni. Rocco alikuwa wa kwanza. Uso wake mnene ulikunjamana, akakaa kwenye kiti, akalia kwa sauti, mwanamume mzima mwenye aproni ya damu ya nguruwe. Nicolino akaishusha picha na kuipangusa kwa mkono wa shati. Mmoja alitoka mbio kwenda kupiga kengele, mwingine kwenda kwa meya, kwa sababu lazima bendi, lazima bendera, lazima barabara ya chini ipewe jina. Walimpita Donato mlangoni, wakigongana naye. Hakuna aliyemwambia pole. Rocco, akitoka, alimpiga bega na kusema, "Umetutisha, bwana," na hiyo ndiyo hongera aliyopewa kwa kuwa hai.

Angetaka kuwaambia, ni ndugu yangu. Ni mtoto wa baba yangu mkubwa, tulilala kitanda kimoja, nilimshikia kiti cha baiskeli mpaka alipojua kusimama mwenyewe. Lakini baa ilikuwa tupu. Akajitengenezea kahawa, akaacha sarafu kwenye sahani, akapanda nyumbani.

Sasa, Pietrascura ina mila nyingine, na hii ni nzuri. Nyumba yenye msiba haiwashi jiko mpaka maiti azikwe. Majirani ndio hupika. Huleta supu ya kuku, mkate, jibini, hata divai, hubisha hodi na kuweka mezani bila maneno mengi, na mfiwa hulazimishwa kula. Wagomvi wa mashamba wameshapatana kwa sufuria hiyo. Donato aliutazama mlango wa jiko lake la kuni. Lilikuwa tayari limepangwa vijiti tangu kabla ya homa. Akachukua kiberiti, akakiweka juu ya kabati, mbali, kisha akaketi mezani na koti lake mwilini.

Yeye ndiye aliyekuwa ndugu wa karibu kijijini. Hapakuwa na mwingine. Mtu atakumbuka, alijiambia.

Mchana wote kengele ililia. Kutoka chini kwa Filomena ilipanda harufu ya vitunguu vikikaangwa, na tumbo lake, lililotoka kwenye homa, likanguruma bila haya. Alisikia hatua kwenye ngazi, akanyoosha kitambaa cha meza. Hatua zikaishia kwa Filomena, sauti za wanawake zikasema Bingwa, Bingwa, na mlango ukafungwa. Bendi ilianza mazoezi uwanjani, tarumbeta moja ikikosea palepale kila mara. Alihisi upweke ule ambao hata ukiwa na watu mia nje ya dirisha haupungui. Hakuwaonea wivu kwa kumlilia Bingwa. Aliumia kwamba walikuwa wakimlilia mtu wa pichani, na yeye anayemjua alivyokuwa akikoroma hakuna wa kumpa bakuli la supu.

Jua lilipoanza kugusa mlima hodi ikapigwa.

"Mwingine, fungua."

Alifungua upesi kuliko alivyotaka. Alikuwa Quirino, mwenye gari la maiti, amerudi kutoka mjini. Mikononi hakuwa na sufuria wala mkate. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa, na aibu.

"Nimesikia yaliyotokea," Quirino alisema, akijiketisha bila kukaribishwa. "Nilibandika alfajiri nikakimbilia mjini kabla ya theluji. Sikuzungumza na mtu."

"Hukuweka mabano."

"Si mimi. Binti yake Bingwa. Alinisomea kwenye simu kutoka kaskazini, nikamuuliza lakabu, akasema hapana, mambo ya kijijini hayo, aandikwe jina tu. Anayelipa ndiye anayesema. Nikajua kila mtu ataelewa."

"Walielewa ni mimi."

Quirino akakuna shingo. "Nimempigia tena nikamweleza. Amelia. Akasema tubandike upya na mabano, na maneno nikuulize wewe. Akasema, muulize baba mdogo, baba alikuwa akizungumza naye kila mwaka. Mimi wala sikujua kwamba mnazungumza."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza," Quirino alikubali. Akakunjua karatasi. "Basi. Niandike Bingwa?"

Donato aliutazama ule mstari mtupu chini ya jina lao.

"Andika Yule Mwingine."

"Hilo si lako?"

"Alilichukua. Kila sikukuu ya Mtakatifu Donato ananipigia, anasema, Donato, hapa ni Yule Mwingine. Tangu tulipokuwa vijana. Hakuna mwaka alioukosa, hata ule aliovunjika mguu. Mimi kwake ndiye nilikuwa Donato. Unanielewa, Quirino? Yeye tu. Agosti hii hakuna atakayepiga."

Hapo machozi aliyoyabeba tangu ukutani yakamshuka, mwishowe mbele ya mtu. Quirino alikuwa amezika nusu ya kijiji na hakujua mikono aiweke wapi. Akaiweka juu ya karatasi.

"Nikiandika hivyo watu watadhani umekufa wewe," akasema taratibu.

"Walishadhani. Waliagiza kahawa nyingine."

Quirino aliinamisha kichwa. Nje tarumbeta ilikosea tena.

"Andika Bingwa," Donato alisema baadaye, akijifuta kwa kiganja. "Wamwache mtu wao. Wamepata shida ya kutosha leo, wamelia mara moja na nusu."

Quirino akaandika. Akakunja karatasi, akainuka, akafunga vifungo vya koti, na hapo ndipo alipopiga chafya. Akatazama huku na huku, akaliona jiko.

"Mbona humu kuna baridi hivi? Unatoka kwenye homa nawe hujawasha?"

"Siwashi."

"Kuni zimeisha?"

"Kuni zipo," Donato alisema. "Nina msiba."

Quirino, ambaye kwa kazi yake alikuwa ameingia kila nyumba isiyo na moto pale kijijini, alilitazama lile jiko, akakitazama kitambaa cha meza kilichonyooshwa kisicho na kitu juu yake, na uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni. Akatoka bila kuaga.

Donato alibaki amekaa. Alisikia buti za Quirino zikishuka ngazi, zikasimama, halafu ngumi ikigonga mlango wa chini kwa nguvu.

"Nani tena?" Filomena aliita. "Nimeshasikia, Bingwa amekufa, nimeshalia."

"Filomena, pasha supu moto. Juu kuna msiba."

"Juu? Kwa nani?"

"Kwa Donato."

"Donato yupi?"

Kule juu Donato akashika ukingo wa meza.

"Aliyebaki," alisema Quirino.

Filomena akafungua kabati, na sufuria ikawekwa jikoni.