Ufa wa Saa Kumi na Moja na Nusu

Saa kumi na moja na nusu jioni, watu wanapowasha taa na majiko, fundi wa valvu alizungusha gurudumu mara nne, akaandika nyuzijoto ubaoni, akapenga kamasi. Mita mia nane chini yake, hewa iliyoshindiliwa tangu mchana ndani ya pango la chumvi ilianza kupanda kwenda kuzungusha mitambo ya umeme. Zamani gurudumu lilizungushwa mara moja tu. Mkuu wa kituo aliongeza tatu "kwa muda", na muda wenyewe sasa ulikuwa na miaka miwili.

Hewa ikitolewa kwa pupa hupoa, na chumvi ikipoa ghafla hunywea na kupasuka. Hilo kila mtu kituoni alilijua. Ila kipimajoto kilifungwa huku juu, kwenye bomba, karibu na jiko la chai la walinzi, na siku zote kilisoma vizuri.

Alipofika nyumbani alimkuta baba yake kitini, barafu nyusini. Mzee alichimba chumvi miaka thelathini na tisa, na alipostaafu chumvi haikumwacha. Mchana, hewa ikishindiliwa na pango likipata joto, alilainika na kutandaa kitini, ikabidi avutwe kwa mikono miwili. Jioni, pango likipoa, alinywea nalo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Leo mmenikomoa, mwanangu."

Alifungua shati. Ufa uliokuwa shingoni jana ulikuwa umeshuka hadi kitovuni. Fundi aliugusa, akalia, kwa sababu mkono ulioufanya ulikuwa huohuo.

Asubuhi alimpeleka ofisini. Mkuu wa kituo alisimama kwa heshima, akavaa miwani, akaukagua ufa kwa utulivu, kisha akamwomba mzee asaini kitabu cha wageni.

"Pole sana, Mzee. Lakini kipimajoto chetu hakionyeshi tatizo."

"Kipimajoto chenu kinapima chai."

Mkuu alicheka sana. Hakuwa mtu mbaya. Akatoa blanketi kabatini, akampa mzee.

"Naomba tupunguze, bosi," fundi alisema. "Hata mara mbili tu."

"Mji unataka taa, dada. Ukichoka kuzungusha, niambie. Wenye mikono wako wengi."

Jioni ile fundi alizungusha mara moja, akasimama. Simu ya ukutani ikalia. Hakuipokea, alijua inauliza nini. Akamalizia tatu zilizobaki.

Nyumbani alimkuta baba yake amekuwa vipande viwili, kulia na kushoto, vimekaa wima, vinatazamana. Aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani. Akaleta kiti cha pili, akakata blanketi katikati, akafunika kila upande.

"Kesho mnafungua saa ngapi?" uliuliza upande wa kulia.

"Kumi na moja na nusu, Baba."

"Haya," ulijibu wa kushoto. "Basi tule mapema."