Aliyeshika Mkasi

Akufukuzaye hakwambii toka. Shemeji hakumwambia toka. Alinunua programu mpya. Aliwaita mafundi watatu wa duka lake la uchapaji, msafisha picha, mchora nembo na mpanga kurasa, akawaeleza kwa bashasha kwamba sasa kazi zao zote zinafanyika mahali pamoja na mtu mmoja anatosha. Mtu huyo akawa shemeji mwenyewe.

Msafisha picha alikuwa mdogo wa marehemu mke wake. Kufukuzwa angekumeza. Kilichomkaa kooni ni kitabu alichokuwa akijitungia shemeji, cha miaka ishirini ya duka, kikisimulia alivyolianzisha peke yake. Mwongo mkubwa. Dada ndiye aliyetafuta chumba, akaleta mashine ya kwanza na kumfundisha mumewe kuiwasha. Lakini bwana alikuwa ameoa tena, na hata binti wa marehemu amekua akiambiwa kwamba mama yake alikuwa akipita tu dukani kuleta chai.

Siku nne kabla ya sherehe ya kukizindua kitabu, simu ikalia. Kurasa zilikuwa zimemvurugikia fundi wetu wa kila kitu, maji yamemfika shingoni, anaomba msaada wa kifamilia. Alikwenda. Alipanga kurasa siku mbili, shemeji akiwa nyuma ya kiti kuhakikisha jina lake limekolea wino. Aliporidhika, alimwambia aitume kazi kwenye kiwanda kikubwa wanakochapa na kujalidi vitabu, kisha akaenda kupima suti.

Ndipo msafisha picha alipobofya picha ya jalada. Ilikuwa siku ya ufunguzi: shemeji mlangoni, kuanzia kifuani, anacheka. Kando ya bega lake kulikuwa na kipande cha mkono wa gauni, na gauni lile alilijua, kwa kuwa alilishona mwenyewe. Shemeji alizoea mambo ya zamani, ukikata kipande cha picha umekitupa. Programu hii haitupi kitu, inafunika tu kwa fremu. Akaivuta fremu kulia. Kikatokea kiwiko, kisha mkono wenye mkasi, kisha dada yake mzima, anakata utepe. Akaivuta chini. Shemeji alikuwa kashika chupa ya chai.

Alilia kidogo, kisha akacheka kwa ubaya kabisa. Na kwa kuwa kila kitu kilikuwa mahali pamoja, kama bwana mkubwa alivyojisifia, picha ilibadilika yenyewe kwenye jalada, kwenye kurasa za ndani na kwenye bango la ukumbini. Akaituma.

Maboksi yalifunguliwa mbele ya wageni, na bango likafunuliwa. Wasemao kisasi hakina utamu hawajakionja. Yeye alikaa kiti cha nyuma akiula utamu wake taratibu, akimtazama shemeji akijaribu kulirudishia bango kitambaa chake.

Shemeji akamfuata, kitambaa bado mkononi.

"Umeniaibisha mbele za watu."

"Sijaongeza kitu, shemeji. Nimeacha tu kukata."

Alikuwa na mengine ya kumwambia, yaliyongoja miaka tisa tangu dada afariki, lakini binti alikuwa amefika, kitabu kifuani. Hakumtazama baba yake.

"Mama mdogo," akauliza, "kumbe aliyekuwa akileta chai ni baba?"