Jina Chini ya Wimbo

Miaka ishirini na sita Bi Rekoda alizunguka nyumba za watu na kinasa sauti chake, na kila mwaka akawapandisha jukwaani wazee aliowarekodi. Tamasha la nyimbo za kale lilikuwa lake, kuanzia viti hadi vipaza sauti. Kiburi chake kilikuwa kimoja: hakuna wimbo uliotoka mikononi mwake bila jina la mwimbaji, umri wake na mtaa anaokaa. Wasomi wengine wanaiba nyimbo za watu mchana kweupe, yeye, hasha!

Mwaka huu alichapa katika kijitabu cha tamasha wimbo wa mama yake mkubwa. Ni wimbo wa wanawake waliokuwa wakichambua pamba, ghala likawaka moto, mlango umefungwa kwa nje. Wimbo unamtaja aliyefunga: msimamizi mwenye kidole nusu. Katika waliookoka kwa kupitia dirishani, aliye hai leo ni mama mkubwa peke yake.

"Jina langu liache, mwanangu," alikuwa amemsihi.

"Mama mkubwa nawe! Miaka arobaini hiyo. Huyo mtu keshaoza."

Leo, siku ya tamasha, mgeni rasmi, mzee mtanashati aliyeletwa na kamati dakika za mwisho, alikaa na Bi Rekoda mstari wa mbele. Akafungua kijitabu, akasoma taratibu, akifuata maneno kwa kidole cha shahada. Kidole kiliishia kwenye kiungo cha pili.

Kidole kikashuka ubeti kwa ubeti, kikatulia juu ya jina.

"Kazi safi hii," mzee akasema. "Hata mtaa umeandika." Akakitia kijitabu mfukoni. "Mwenyewe yupo?"

"Hajaja," Bi Rekoda akadanganya.

Mzee akatabasamu, akaaga kwamba anakwenda kunawa mikono. Papo hapo mshereheshaji akamwita Bi Rekoda jukwaani atoe shukrani. Akapanda, akabwabwaja maneno mawili matatu, akashuka mbio hadi chumba cha waimbaji. Mama mkubwa, aliyemwacha humo, hayupo, mkoba wake haupo.

"Ameondoka na mgeni rasmi," akasema mama wa mapokezi, uso umejaa furaha. "Anampeleka nyumbani kwa gari lake. Mzee wa watu hana makuu! Bibi alikuwa anakataa kabisa, mpaka nikamwambia ni wewe uliyepanga. Ndipo akapanda."