Bega kwa Bega na Marjani

Simai alitapika kijani alfajiri, na kulipopambazuka alikuwa amejikunja juu ya mkeka kama jani la mgomba lililopitiwa na moto. Uvimbe wa kinenani, ambao miaka yote alikuwa akiusukuma ndani kwa kidole kisha akaendelea na kazi zake, safari hii ulikataa kurudi. Ulikuwa mgumu kama embe bichi, na ngozi iliyoufunika ilikuwa imeanza kupiga weusi. Biasha, mkewe, aliugusa mara moja tu. Hakuhitaji kuambiwa na mganga kwamba ngiri iliyokaza namna ile haimpi mtu siku mbili.

Kutoka shamba lao la Chuini hadi hospitali kubwa ya mjini ni maili saba, na siku hiyo saba zilikuwa sawa na sabini. Masika ya mwaka ule wa sitini na nne yalikuwa yamebomoa daraja la barabara kuu. Tangu juzi halikupita basi wala gari la ng'ombe. Wanaume ambao wangeweza kubeba machela walikuwa wamepelekwa upande wa pili wa kisiwa kujenga taifa. Mwenye shamba aliondoka Januari, siku za mapinduzi, na nguo alizovaa. Lori lake lilichukuliwa, na farasi wake wawili walichukuliwa na watu ambao hawakurudi kusema waliwafanya nini. Alibaki Marjani, farasi jike mwekundu aliyekwisha kuingia uzee, na Simai, saisi wake, mtunza farasi aliyeendelea kumkatia majani kwa miezi mitatu bila ya kuagizwa na mtu.

"Mtie Marjani hatamu," Simai alisema, macho ameyafumba. "Mimi ntalala mgongoni. Wewe utamwongoza."

Biasha alidhani homa imeshampanda kichwani. "Mimi, Baba Wanu?"

"Kuna mwengine?"

Hakuwapo mwengine. Binti yao Wanu alikuwa kwa mumewe, kule Uroa, na jirani pekee aliyesalia, Mzee Mkadam, mlinzi wa shamba, alikuwa na magoti yasiyomfikisha hata langoni. Biasha aliutazama mkono wake wa kushoto. Vidole viwili vilikuwa vimepinda. Miaka sita nyuma alitaka kumtoa Marjani mvuani, akaizungusha kamba mkononi asije akamponyoka. Radi ikapiga, farasi akaruka, na kamba ikavivunja vidole. Tangu siku hiyo hakulikaribia banda. Na lilikuwapo jingine ambalo hakupata kumwambia mtu. Usiku ule, mkono umefungwa vibanzi, maumivu yamemnyima usingizi, alimsikia Simai bandani akimbembeleza mnyama kwa sauti laini ambayo yeye, katika miaka ishirini ya ndoa, hakuwahi kuisikia ikielekezwa kwake.

Mzee Mkadam alimsaidia. Walitandika magunia juu ya mgongo wa Marjani, wakamsimamisha ubavuni mwa ukuta mfupi wa kisima, wakampandisha mgonjwa na kumlaza kifudifudi, shavu lake juu ya singa za shingo. Biasha akamfunga kwa kanga mbili, moja kiunoni na moja mapajani. Simai hakupiga kelele. Aliuma gunia.

"Simama kushoto kwake," alisema alipopata pumzi. "Bega lako lilingane na bega lake. Usiende mbele, akishtuka atakupanda. Usibaki nyuma, atakupiga teke. Mkono wa kulia ushike kamba chini ya kidevu, mwachie shibiri moja apate kupumua. Iliyozidi ikunje mkono wa kushoto, mkunjo juu ya mkunjo. Usiizungushe."

"Hilo nalijua."

Simai alivitazama vile vidole viwili vilivyopinda. "Kweli. Unalijua." Akameza mate. "Tazama unakokwenda, usimtazame yeye. Ukimkodolea macho atadhani unamzuia. Ukitaka asimame, simama wewe. Ukitaka kugeuka, msukumie upande wa pili, usimvutie kwako. Kwato zake hazijui kwamba vilivyo chini yake ni vidole vya miguu yako."

Biasha aliishika kamba na kuivuta. Marjani alikita miguu, akanyoosha shingo, akawa kama mnazi uliozaliwa pale pale. Biasha akavuta tena kwa uzito wake wote.

"Usimvute, Mama Wanu. Anakushinda nguvu, na anajua. Mwombe, kisha mwachie."

"Nimwombe vipi?"

"Nenda."

Biasha aliyaelekeza macho yake kwenye njia ya mikarafuu, akalegeza kamba, akapiga hatua kama mtu anayekwenda zake. Nyuma ya sikio lake akasikia pumzi, halafu kwato. Hakugeuka kuhakikisha.

Njia ya shamba ilikuwa na utelezi. Kila Simai alipoguna, Biasha alikaza mwendo. Kila alipokaza mwendo, farasi naye alikaza, na mguno ukazidi. Ikambidi ajifunze kutembea polepole kuliko hofu yake. Lilikuwa jambo gumu kupita yote aliyopata kuyafanya, kumpeleka mtu anayekufa kwa mwendo wa bibi harusi.

Walipofika kwenye mto wa lile daraja lililobomoka, maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakivuta matawi. Hayakuwa na kina, yalimfika mtu magotini, lakini yalikuwa na sauti. Marjani alisimama. Biasha aliita, "Baba Wanu, nifanyeje?" na jibu alilopata lilikuwa maneno ya kuweweseka, majina ya watu waliokwisha kufa. Kuanzia hapo alikuwa peke yake.

Akakosea. Alitangulia majini, akageuka kumtazama farasi uso kwa uso, akaivuta kamba. Marjani alirudi nyuma hatua mbili, akajikusanya, akaruka. Biasha aliona kifua chekundu kikimjia kama mlango unaoanguka. Alijitupa ubavuni, akaiacha kamba ikimbie viganjani huku ikichuna ngozi, na kwato zikatua majini kiasi cha shibiri mbili kutoka kichwani mwake. Aliponyanyuka, maji yakimtiririka puani, ncha ya kamba ilikuwa bado mkononi. Marjani alikuwa ng'ambo, amesimama. Simai alikuwa bado juu yake, amening'inia upande mmoja, kanga zimemshika.

Biasha alipanda ukingo huku akitetemeka. Alimrekebisha mumewe, akasogea begani kwa farasi, akainua mkono ampige. Ndipo alipohisi kwamba bega lile nalo linatetemeka. Ngozi ilikuwa ikicheza kama uso wa maji uliopigwa na upepo, na jicho lililokuwa karibu naye lilikuwa limetoka, jeupe pembeni. Miaka yote alikuwa akiliita jicho lile la ubaya. Yeye mwenyewe tangu Januari hakuwa akiweza kusikia mlango ukigongwa asiruke, na hakuna aliyemwita mbaya kwa hilo. Mkono aliouinua ukashuka, ukatua kwenye shingo yenye maji. Wakasimama hivyo mpaka mmoja wao alipotulia. Hakujua ni yupi aliyemtuliza mwenzake.

Kwenye kitongoji cha Mtoni, pale mji unapoanza kunukia, gogo la mnazi lilikuwa limelazwa barabarani, na watu wanne wenye bunduki wamekaa kwenye benchi la msikiti. Mkubwa wao alikuwa kijana mwenye sare iliyompwaya, jina lake Borafya. Biasha alimjua kwa sura, mtoto wa wachumaji karafuu wa Bububu.

"Farasi wa nani huyu?" Borafya aliuliza.

"Wa serikali."

Borafya aliinuka kutoka kwenye benchi. "Na nani amekuruhusu kuchukua mali ya serikali?"

"Sikuomba ruhusa. Nna mgonjwa."

Mmoja wa wale watu alikuja mbele, akaidaka hatamu kwa ghafla. Marjani alitupa kichwa juu, miguu ya mbele ikaacha ardhi, na Simai akatoa sauti ambayo Biasha hakuijua kuwa ni yake.

"Mwachie, kaka yangu," Biasha alisema, bila ya kupandisha sauti. "Njoo ubavuni. Ukimkamata kwa mbele, hana pa kwenda ila juu."

Yule mtu akaachia. Alishangaa kuamrishwa na mwanamke aliyelowa chapachapa, na Biasha alishangaa zaidi yake.

Borafya alimtazama mgonjwa usoni, kwa muda. "Huyu si ndiye saisi wa Chuini? Siku zile farasi wakipita, sisi tulikuwa tunarukia mitaroni kupisha."

"Na mimi nilirukia mitaroni, mwanangu. Huyu alikuwa akitembea kwa miguu, vumbi lote lake, kamba mkononi. Miaka ishirini na miwili amewaongoza, na leo ndiyo siku yake ya kwanza kupanda."

Borafya alilikaribia gogo. Alilisukuma gogo kwa mguu mpaka ikapatikana nafasi ya mnyama kupita.

"Piteni. Lakini kabla ya Magharibi farasi awe hapa. Kesho wanakuja kukagua wanyama wote walioachwa. Atakayefaa kuvuta gari atapelekwa kazini. Asiyefaa atapigwa risasi. Majani hayatoshi hata ng'ombe." Akaongeza, kama anayeona haya kidogo, "Usiporudi, bibi, kitanda cha mumeo nitakijua kilipo."

Biasha aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshatembea na Marjani maili tano, na alijua kwamba goti la kulia la farasi hujivuta kila anapoteremka. Haukuwa mguu wa kuvuta gari.

Kinazini walipita kimya. Mtaani Malindi wachukuzi wa bandarini walisimama na magunia vichwani kuwatazama, na hakuna aliyetania. Darajani ndiko kulikokuwa na lori. Lilikohoa moshi, likapasua mlio mmoja kama wa bunduki, na uwanja mzima wa soko ukainama. Wauza samaki, wanunuzi, askari, wote kwa pamoja, kama watu waliofundishwa. Marjani aliinua kichwa mpaka kamba ikakaza. Biasha hakuvuta. Alisimama. Alivuta pumzi, akaitoa taratibu, akatazama mbele kwenye paa la soko kana kwamba kuna mtu wake anamngojea pale. Kichwa kikubwa kikashuka kidogokidogo, mpaka pumzi yenye joto ikamgusa shingoni, na wakaendelea.

Hospitalini walimshusha Simai watu watatu. Muuguzi aliyewapokea, Bi Shemsa, mwanamke mnene mwenye mikono ya upesi, aliufunua uvimbe, akaufunika, akamtuma mtu kumwita daktari kwa mbio. Simai alifumbua macho juu ya machela.

"Pale majini, Marjani alikusumbua?"

"Hakunisumbua."

"Wale wenye bunduki wamesema watamfanya nini?"

Biasha aliufuta uso wake kwa ncha ya kanga. "Watampa majani, Baba Wanu. Wana majani mengi."

Simai alimtazama kwa namna ya mtu anayetaka kuamini. Alinyoosha vidole, akaviona viganja vya mkewe vilivyochunika, akavishika kwa ncha tu, kama kitu cha kuvunjika. Alianza kusema neno moja kwa sauti ya chini, ile sauti laini ya bandani. Mlango ukafungwa kabla hajalimaliza.

Biasha alingoja chini ya mti wa mvinje, kamba mkononi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwachia. Alichota maji ya mfereji kwa ndoo ya hospitali, akamnywesha farasi kidogo kidogo. Adhana ya Alasiri ikatolewa. Kivuli cha mvinje kikavuka njia. Bi Shemsa alipotoka, alisimama mbali kidogo, anamwogopa mnyama.

"Wamemkata utumbo uliokufa, kiasi hiki," alisema, akionyesha kwa mikono. "Bado hajazindukana. Daktari anasema tungoje mpaka asubuhi. Asubuhi ndiyo itakayosema. Panda juu ukae naye, dada yangu."

"Nna ahadi Mtoni kabla ya Magharibi."

"Ahadi gani hiyo, mtu wako yuko hivi?"

Biasha alilitazama dirisha la ghorofani, akalihesabu tangu pembeni ili alijue. La nne. Akipanda, kabla ya jua la kesho watu wangekuja kukitafuta kitanda kile. Akienda, anayempeleka kwenye risasi ndiye aliyemfikisha Simai hapa. Aliipima pande zote mbili na hakuona upande usio na damu.

"Akiamka," alimwambia Bi Shemsa, "mwambie nipo njiani narudi kwa miguu."

Akaikunja kamba, akasogea mahali pake, begani. Safari hii hakukuwa na mgongo wa kuuangalia wala mguno wa kuusikiliza, na Marjani alikwenda mwepesi, mwendo wao ukiwa mmoja. Darajani walikuwa wakifunga mabanda. Malindi wanawake wawili dirishani waliacha mazungumzo.

Walipolipita bohari la mwisho la Funguni, jua liko usawa wa macho, Biasha alianza kusema. Hakuwa na mwengine wa kumwambia.

"Wamemkata utumbo," alisema, macho mbele. "Lakini yu hai. Nilipoondoka alikuwa yu hai."

Sikio moja jekundu liligeuka upande wake, likabaki hapo.

Akamweleza yote, kuhusu daktari na dirisha la nne, na kuhusu uongo aliousema kwenye machela. Akamweleza la kesho pia, bila ya kulipunguza. Goti la kulia lilijivuta kwenye mteremko, na Biasha akapunguza mwendo ili lisiumie. Mbele, kwenye benchi la msikiti wa Mtoni, watu wanne walisimama mmoja mmoja, na Borafya akakinga jua kwa kiganja, akiwatazama wanavyokuja.