Siku Kumi na Nne za Lazima

Maëlle Kerguen aliogopa likizo kama wengine wanavyoogopa kufukuzwa. Wenzake pale La Défense, mtaa wa maofisi jijini Paris, wangemcheka, maana wao walikuwa wakiing'ang'ania ile benki ya Kifaransa kwa ajili ya likizo hizo hizo. Wiki saba kwa mwaka! Chakula cha mchana saa nzima na zaidi, na ukishavuka miezi ya majaribio, kukung'oa ni shughuli pevu. Ubaya ulikuwa huu: kila mwaka lazima uondoke siku kumi na nne mfululizo, kadi yako ya mlango izimwe, na mwenzako akalie kiti chako aone kama kuna ulichoficha.

Na Maëlle alikuwa nacho. Mwaka mzima alikuwa akitumia neno la siri la bosi wake, Bwana Fournel, kuidhinisha mikopo kwa jina lake. Hakuiba hata senti. Mzee alikuwa anasahau, jamani: majina ya wateja, mikutano, hata njia ya kurudi mezani kwake. Alibakiza miezi mitano astaafu, na ndiye aliyempa Maëlle kazi wakati wakubwa wengine walipokidharau chuo alichosoma. Angemwachaje?

"Usiguse faili lolote mpaka nirudi," alimwambia mzee siku ya Ijumaa. "Wakikuuliza, sema mgongo unakuuma."

"Mgongo, sawa," Fournel alisema. "Nenda zako ukapumzike, umekonda mno."

Kupumzika kwenyewe kuko wapi! Kwa mama yake, mjini Brest, simu haikumtoka mkononi.

"Wewe mtoto una nini?" mama aliuliza. "Umepewa likizo, umekaa kama uko msibani."

"Nimechoka tu, mama."

Siku ya sita simu ikalia kweli. Anatakiwa kesho saa nne asubuhi, Paris, ofisi ya ukaguzi ya benki.

Aliingia dakika tano kabla ya saa nne. Fournel alikuwa ameshakaa, tai imenyooka. Mkaguzi, Bertille Vasseur, alifungua karatasi zake bila hata salamu ya maana.

"Bwana Fournel, mikopo kumi na mitatu imeidhinishwa kwa jina lako saa ulizokuwa hospitali. Nani mwingine ana neno lako la siri?"

Maëlle alimkazia macho mzee. Sahau, alimwomba kimoyomoyo. Umesahau mengi, na hili lisahau, Mungu wangu. Fournel alikunja uso, akaitazama dari. Maëlle akaanza kupumua.

Ghafla uso wa mzee ukang'aa.

"Si huyu hapa, Maëlle Kerguen!" alisema kwa fahari. "Mwaka mzima kazi yangu yote anafanya yeye, wala sijamwomba mara mbili. Andika vizuri, mama, wampandishe cheo."

Bertille aliandika kila neno.