Marehemu Hakuelezwa

Mimi nimezaliwa Lundo, ufukweni mwa ziwa, katika ukoo wa Waanglikana. Nilipoolewa na Aidan huku Mkumbi nikapokelewa na Wakatoliki, nikadhani mambo ya imani nimeshamalizana nayo. Kumbe bado. Katekista wetu Thadei alikuwa hajaenda semina Mbinga.

Alirudi na maneno matatu: imani sahihi, imani ya kando, na uzushi. Imani sahihi, alisema, ni barabara kuu. Imani ya kando ni kinjia cha kukatisha shambani kwa mtu: unafika, lakini umekanyaga maharage ya watu. Uzushi ni kutumbukia korongoni. Mfano ulikuwa mzuri, sitamnyima haki yake. Ubaya ni kwamba baada ya mfano alianza kutupanga.

Mimi niliwekwa kando kwa sababu ya nilikotoka. Kwaya iliwekwa kando kwa kupiga makofi. Hata bwana shamba, Mlutheri wa watu aliyeletwa na serikali kutufundisha habari za mbolea, aliwekwa kando, na wala hakuwa ameuliza. Mwishowe barabara kuu ikabaki na Thadei na mkewe Perpetua, naye Perpetua alikuwa chini ya uangalizi, kwani tumbo lilipomsumbua alikunywa maji ya upako ya mchungaji mmoja wa Lipingo.

Korongoni alikuwamo mtu mmoja tu, baba mkwe wangu, mzee Bernadi.

Kila msimu, kabla ya kupanda maharage kwenye ngoro, yale mashimo ya miraba tunayochimba miteremkoni ili mvua isituibie udongo, mzee alimimina pombe kidogo ukingoni. Akataja majina ya waliolima mteremko ule kabla yake. Kisha akapiga ishara ya msalaba na kusali Baba Yetu. Thadei alisimama kanisani akatangaza kwamba huo ni uzushi. Jumapili hiyo mzee alikuwa kitandani, mapafu yamemchoka. Tuliporudi nyumbani akatuuliza kanisani kumesemwa nini, tukamwambia kumesemwa habari za mvua.

Akafa bila kujua kwamba ni mzushi. Thadei akazuia kengele isipigwe, akasema mzushi hazikwi na padri na kwaya isijisumbue. Huku kwetu kuzikwa bila padri si aibu ya marehemu peke yake. Watoto na wajukuu wataoneshwa vidole mpaka nao wafe. Mama mkwe, Walburga, aliketi kando ya jeneza na hakuonja hata uji. Nilikasirika. Nikampigia simu mimi mwenyewe Padri Urbani wa parokia yetu, bila kumwomba mume wangu ruhusa.

Padri alifika na pikipiki, matope mpaka magotini. Alimpa mama pole, akaketi, akamtaka katekista aeleze. Thadei alieleza vizuri kabisa, kuhukumu alikujua. Na ili padri aone kwamba kundi lililobaki ni salama, akatuamuru waumini wote tuliokuwa pale tutoe fundisho la Utatu Mtakatifu kama alivyotufundisha. Tukaitikia kwa sauti moja, nami nikiwamo: Mungu ni kama Mwalimu Thadei. Nyumbani ni baba, kanisani ni katekista, shambani ni mkulima. Mtu ni yuleyule, anabadilisha kofia.

Padri akavua miwani. Aliifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

Kisha akatueleza, kwa upole, kwamba fundisho hilo la kofia lina jina na lina umri. Lilifundishwa na mtu aitwaye Sabelio, na Sabelio huyo alifukuzwa kanisani huko Roma zamani sana, kabla hata ya watu kukubaliana Biblia ina vitabu vingapi. Baba, Mwana na Roho ni nafsi tatu kweli, si kofia tatu. Huo ndio uzushi wenyewe, ule wa vitabuni.

Watu walitazamana. Kijiji kizima kilikuwa korongoni, na aliyetuongoza humo ndiye aliyekuwa ameshika ramani. Nilitaka kucheka, nikalikumbuka jeneza.

Padri akamwambia Thadei, "Usiogope, Mwalimu. Kukosea si uzushi. Mzushi ni Mkristo aliyeelezwa ukweli akaukataa kwa makusudi. Sasa umeelezwa. Unashikilia kofia zako?"

"Sishikilii, Baba."

"Vema. Na mzee Bernadi, ulikwenda kumweleza lini?"

Thadei alitazama chini. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hakwenda, maana nyumba ya mzushi haiingiwi.

Hapo mama mkwe aliinua kichwa. "Alikuwa akikuuliza, Thadei," alisema. "Kila siku. Anasema, mbona mwanangu haji kunisalia?"

Padri aliinuka akavaa stola yake shingoni, na kengele ikapigwa. Tulimzika mzee jioni ile, kwaya ikapiga makofi, na Thadei aliyeshika maji ya baraka alilia kuliko sisi wafiwa.

Siku hizi Mkumbi hatutaki kuelezwa chochote. Asiyeelezwa hawezi kuwa mzushi, kwa hiyo Thadei akionekana na kitabu watu wanajificha kwenye mibuni, na bwana shamba naye anashangaa kwa nini mkutano wa mbolea hauna watu.

Msimu uliofuata mama mkwe alibeba kibuyu cha pombe yeye mwenyewe. Tukiwa ukingoni mwa ngoro ya kwanza tukamwona Thadei anapanda mteremko, kitabu kwapani. Nikajua amekuja kueleza, safari hii mapema. Nikatafuta maneno makali ya kumpokelea, na ninayo mengi.

Mama hakumngoja afike. Alimimina, akaanza kutaja majina. Akamtaja mumewe. Halafu akamtaja mtu aliyekuwa akisaidiana naye kulima mteremko ule tangu ujana wao, baba yake Thadei.

Thadei alisimama. Aliweka kitabu juu ya majani, akavua kofia, akapiga ishara ya msalaba. Kisha akaomba jembe.