Karai la Mama Chenge

Paskazia aliinamisha karai, akamwaga maji na mchanga mweusi kidogo kidogo. Pale ambapo kila siku hubaki punje za njano, leo palibaki kitu cheupe kama bati. Alikijua kabla hajakigusa. Dhahabu imeshika zebaki.

Hakuwa ameishika zebaki tangu kikundi chao cha akina mama kilipokubaliana kuiacha. Kampuni moja ya Ulaya, inayotengeneza saa za matajiri, ilitaka dhahabu iliyooshwa kwa maji matupu, ikainunua kupitia kwa Naushad, sonara wa Mwanza mjini. Zebaki ikionekana mara moja tu, kikundi kizima kinarudi kwa madalali wa machimboni na bei zao duni.

Lakini mabeseni ya kikundi yalikuwa msibani kwa jirani zao, kina Maige, na hakuna anayenyima msiba vyombo. Ndipo Paskazia akatoa uvunguni karai lake la chuma, la enzi zile za zebaki. Alilisugua kwa majivu mpaka likang'aa. Kumbe zebaki ilikuwa imejificha kwenye mikwaruzo.

"Choma, wifi," alisema Evelina, mwenyekiti wao, alipoitwa kuona. "Ikipata mkaa kidogo tu, inarudi njano."

"Na moshi wake wa sumu?"

"Moshi unaenda ziwani. Hao wazungu hata kuangalia saa zao hawana muda, wataona moshi wa huku kwetu Kamanga?"

Paskazia alicheka, kisha akageukia nyumba. Jikoni, Suzana, mke wa mwanawe Chenge, alikuwa anapuliza moto, tumbo limemtangulia. Juzi tu aliligonga karai lile kwa kidole, akasema, "Mama, hili utaniachia nimwogeshee mtoto." Naye Paskazia akaitikia.

Hakuchoma. Aliitia dhahabu kwenye kichupa cha dawa, akapanda kivuko kwenda Mwanza.

Dukani kwa Naushad alifungua kifuniko mwenyewe, kabla ya kuulizwa. Naushad aliitazama kwa kioo cha kukuzia, akakiweka kioo chini taratibu.

"Mama Chenge, mbona hukuichoma?"

"Nyumbani kuna mjamzito."

"Ungechomea nje."

"Ningechomea nje," alikubali. "Halafu nikifika hapa ningekwambia nini?"

Naushad alijikuna shingo. "Hii siipeleki kwa watu wa saa. Na kuwaambia, lazima niwaambie. Wanaweza kukiacha kikundi chote."

"Waambie karai ni langu, si la kikundi."

"Nitawaambia, mama. Watakachosikia sijui."

Aliporudi Kamanga, Evelina alikuwa gatini, mikono ameifungia ndani ya kanga.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Haya." Evelina akageuka, akatangulia njiani bila kumsubiri.

Uani, Paskazia alipindua karai, akasimamisha msumari katikati, akagonga kwa jiwe. Chuma kilikuwa kigumu. Alirudia mara kadhaa. Suzana alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Mama! Karai la mtoto!"

"Limeficha zebaki. Nitakununulia beseni la plastiki."

"Kwa hela ipi?"

Paskazia aliliinua karai kwa mikono miwili, akaligeuzia jua lililokuwa linashuka ng'ambo ya nyumba, aone kama msumari umepenya. Mwanga ulipita kwenye tundu, ukatua juu ya tumbo la Suzana, mdogo, wa njano.